Komeo la Ndani
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei juu ya usalama wa chumba cha kulala



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo ambalo kwa kawaida halipewi nafasi katika semina zetu. Tumezoea kusikia habari za haki za wakimbizi, za uchaguzi, za ardhi na za mishahara ya vibarua. Leo tutashuka mpaka kwenye mlango mmoja mdogo, yaani mlango wa chumba cha kulala usiokuwa na kitasa wala komeo. Msishangae. Mimi ni seremala, na kazi yangu imeniingiza katika nyumba nyingi za matajiri na za maskini. Nimeona kwamba amani ya nyumba haipimwi sebuleni wanakoketi wageni. Hupimwa kwenye kile chumba cha mwisho, karibu na stoo, anakolala mtu asiyeulizwa neno.

Nitafuata utaratibu tuliouzoea katika jumuiya zetu: kwanza tuone hali ilivyo, kisha tuipime, na mwisho tutende.

TUONE

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na familia moja kutengeneza milango ya kabati la jikoni. Ilikuwa familia yenye heshima. Mama mwenye nyumba alitoka kwenda sokoni, nami nikabaki na binti wa kazi aliyekuwa akichambua mchele kibarazani. Aliniamkia, “Shikamoo, fundi.” Nikamwitikia, “Marahaba, mwanangu.” Baada ya kitambo akaja karibu, akasimama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Fundi, komeo moja ni shilingi ngapi?”

Nilimtajia bei. Akanyamaza akihesabu moyoni. Akauliza tena, “Na kulipigilia?” Nikamwambia kwamba kazi hiyo ni ndogo, lakini ni lazima mwenye nyumba aniambie, kwa kuwa mlango si wake. Akasema, “Basi, fundi, usimwambie mama kwamba nimeuliza.” Akarudi kwenye mchele wake.

Ndugu wapendwa, nilimaliza kabati, nikapokea fedha yangu, nikaenda zangu. Katika kisanduku changu cha vifaa mlikuwa na makomeo mawili. Niliporudi mwezi uliofuata kuweka rafu, binti yule hakuwapo tena. Niliambiwa kwamba alitoroka usiku bila hata kuchukua mshahara wake, na kwamba wasichana wa siku hizi hawana shukrani. Sijui yaliyompata, wala simshitaki mtu kwa jambo nisilolijua. Lakini najua aliniuliza swali gani, na najua kwamba nililijibu kama mfanyabiashara. Mtu mzima mwenye masikio angeuliza: “Mwanangu, nani anakusumbua usiku?”

Hali hii si ya binti mmoja. Wako watoto wa ndugu walioletwa mjini kusoma, wakalazwa ukumbini nyuma ya pazia. Wako wajane waliobaki katika nyumba ambayo shemeji wanajiona wana ruhusa ya kuingia saa yoyote. Wako wapangaji wa chumba kimoja, ambao mlango wao una tundu palipokuwa na kitasa zamani, nao wameliziba kwa kitambaa. Wako pia wanafunzi wa shule za kata, zilizojengwa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000. Shule hizo nyingi ni za kutwa, na mtoto atokaye kijiji cha mbali hupangishiwa chumba karibu na shule, akapika na kulala peke yake. Mzazi huuliza kodi ni kiasi gani. Ni wachache wanaouliza kama mlango unafungwa kwa ndani.

TUPIME

Katika nyumba nyingi nilizofanya kazi, nilipopendekeza komeo kwa chumba cha msichana au cha mtoto wa ndugu, nimejibiwa maneno yanayofanana. Yafaa tuyapime moja moja bila hasira, kwa maana wengine wetu tumeyasema.

Wapo wasemao, “Kwani anaficha nini?” Mtu anayevua nguo, anayeoga, anayelala au aliye mgonjwa haficha uovu. Anastahi mwili wake. Sisi wenyewe tunajifungia, wala hatujihesabu kuwa wezi.

Wapo wasemao, “Atajifungia na mali yangu.” Komeo la ndani hufunga tu wakati mtu yumo chumbani. Akitoka, chumba kiko wazi kama zamani. Anayeogopa wizi na atafute ulinzi mwingine, lakini asiulipie kwa usingizi wa mwenzake.

Wapo wasemao, “Nitamwamshaje alfajiri?” Kwa kubisha hodi. Desturi ya hodi ni ya wazee wetu, nayo haina kifungu kisemacho kwamba mtumishi habishiwi.

Wapo pia wasemao, “Katika familia hatufungiani milango.” Neno hili lina uzuri wake, na nalithamini. Lakini mwenye kuamua kama mlango uko salama ukiwa wazi ni yule anayelala nyuma yake. Aliye na nguvu nyumbani hawezi kumwamulia asiye na nguvu kwamba hana haja ya kuogopa.

Sheria nazo zimesema. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Haisemi kwamba haki hiyo ni ya mwenye nyumba peke yake. Mwezi Juni 2011, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 juu ya kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa majumbani. Pamoja nao lilipitisha Pendekezo Namba 201, ambalo aya yake ya 17 inagusa kabisa mada yetu ya leo. Inaeleza kwamba mfanyakazi anayelala kwa mwajiri apewe chumba chake mwenyewe, chenye samani za kufaa na hewa ya kutosha, chenye kufuli, na ufunguo wake akabidhiwe yeye. Pendekezo halina nguvu ya sheria ya nchi. Hata hivyo latufundisha jambo. Wajumbe wa serikali, waajiri na wafanyakazi kutoka pande zote za dunia walikaa kikao kimoja, wakaona kwamba ufunguo wa chumba cha mtumishi ni jambo la kuandikwa.

TUTENDE

Sasa nitasema kama fundi. Sitaki mtu atoke hapa na maneno mazuri tu, arudi kwenye mlango ule ule.

Kwanza, tazama mlango unafungukia upande gani. Simama ndani ya chumba. Ukiuvuta mlango kuja kwako ndipo ufunguke, huo hufungukia ndani. Ukiusukuma, hufungukia nje. Njia nyingi za kuzuia mlango hufaa upande mmoja tu, na mtu asiyejua tofauti hii hujidanganya kwamba amejilinda.

Njia iliyo bora ni komeo la chuma linalofungwa kwa ndani, nalo hufaa milango ya pande zote mbili. Bei ya komeo la kawaida haifiki bei ya kuku mmoja. Likazwe kwa skrubu, wala si kwa misumari, kwa sababu msumari hung’oka mlango unaposukumwa mara kwa mara. Skrubu za upande wa mwimo ziwe ndefu, inchi moja na nusu au zaidi, ziingie kwenye mbao yenyewe na si kwenye lipu. Za upande wa mlango ziwe fupi kuliko unene wa mlango, zisitokeze nje. Kama mlango ni wa plaiwudi na katikati yake mna uwazi, komeo liwekwe ukingoni, mahali penye fremu ya mbao ngumu. Ukipata fedha ya makomeo mawili, moja liwe juu na jingine chini. Mlango uliozuiwa sehemu mbili haupindiki kirahisi.

Njia ya pili ni pingo walilotumia wazee wetu. Fundi hukaza vishikio viwili vya chuma kwenye miimo, kimoja kila upande, na mti imara ukalazwa juu yake nyuma ya mlango. Hii hufaa mlango unaofungukia ndani, na nguvu yake hupita komeo dogo la dukani.

Wapo wasioruhusiwa kutoboa mlango, au wasiokuwa na fedha leo. Kwa hao kuna kabari. Chonga kipande cha mti mgumu, chembamba upande mmoja na kinene upande mwingine. Gundisha chini yake kipande cha mpira wa tairi au cha ndara kuukuu, kisiteleze kwenye sakafu ya saruji. Iingize kwa nguvu chini ya mlango, karibu na ukingo unaofunguka, mbali na bawaba. Kadiri mlango unavyosukumwa kutoka nje, ndivyo kabari inavyozidi kukaza. Lakini kumbukeni mambo mawili. Kabari haifai mlango unaofungukia nje, na kwenye sakafu ya udongo haishiki vizuri. Kiti kinachoegemezwa chini ya mkono wa mlango hufanya kazi ile ile, iwapo miguu yake ya nyuma haitelezi.

Mlango unaofungukia nje una dawa nyingine. Chukua mti mrefu kupita upana wa mlango, uulaze ndani ukigusa miimo yote miwili, kisha uufunge kwa kamba fupi ya katani kwenye mkono wa mlango. Anayevuta kutoka nje atakuwa anauvuta mti huo dhidi ya miimo. Tazameni pia bawaba za mlango wa namna hii. Zikiwa nje, mtu aweza kuzing’oa pini zake, na komeo likawa halina maana. Fundi azigonge pini hizo zisitoke.

Kwa mlango wowote mwaweza kuning’iniza kopo lenye vijiwe kwenye mkono wa mlango. Halizuii mtu, lakini humwamsha aliyelala na kumtia hofu anayetaka kuingia kimya.

Sasa nawaomba msikilize kwa makini, kwa sababu mlango huokoa, na mlango huua. Kifungio cha chumba cha kulala lazima kifunguliwe kwa ndani, kwa mkono mmoja, gizani, bila kutafuta ufunguo. Kwa hiyo msitumie kufuli ndani, wala msifunge kitasa kwa ufunguo na kuuficha chini ya godoro. Na kamwe, nasema kamwe, mtu asifungiwe kwa nje akiwa amelala, awe mtoto, mtumishi au mwanafunzi, hata kama nia ni kumlinda. Mwezi Machi 2001, bweni la wavulana la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, lilichomwa moto usiku. Wanafunzi 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Tunapolinda mlango dhidi ya adui, tukumbuke kwamba moto nao ni adui, na huo hausubiri ufunguo.

Tena, mtu anayejifungia kwa hofu hufunga na madirisha. Asiingize jiko la mkaa humo, hata kama mkaa umebaki makaa mekundu tu. Hewa yenye sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Watoto wadogo wana utaratibu wao. Komeo liwe juu wasikofikia, wasije wakajifungia. Kwa mzee au mgonjwa wa kifafa, afadhali kitasa chenye funguo mbili, moja yake aitunze mtu anayemwamini yeye mwenyewe, si yule tunayemwamini sisi.

MLANGO HAUTOSHI

Ndugu zangu, nisingekuwa mkweli kama ningewaacha mdhani kwamba komeo linamaliza jambo. Tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mchanganyiko ya St. Kizito, huko Meru, Kenya, wavulana walivamia bweni walimokimbilia wasichana usiku. Wasichana 19 walikufa, na 71 walibakwa. Walijifungia, lakini mlango ulishindwa na umati. Huo haukuwa ubovu wa mbao tu. Palikuwa na watu wazima waliopaswa kuwalinda watoto wale kabla mlango haujaguswa.

Ndivyo ilivyo majumbani mwetu. Komeo humpa mtu nafasi ya kulala, ya kupiga kelele, ya kusubiri kuche. Halimwondoi anayetembea ukumbini usiku. Binti akiomba komeo, tumwekee siku ile ile, kisha tumwulize kwa upole, akiwa peke yake, ni nini kinachomtisha. Tusimwulize mbele ya mwenye nyumba. Akisema, tumsadiki kwanza. Tusimwite mwongo kwa sababu aliyemtaja ni mtu wa heshima, au ni mwenzetu katika jumuiya.

Wala tusiseme, “Yamalizwe kifamilia.” Hapa viongozi tumekosa mara nyingi. Jambo la kumwingilia mtoto au kumlazimisha mtu si ugomvi wa mpaka wa shamba. Ni kosa la jinai, na Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998 likayapa makosa hayo adhabu kali. Kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Iko pia simu ya mtoto, namba 116, ambayo mtu hupiga bila malipo. Aliyedhuriwa apelekwe hospitali mapema, asioge wala asifue nguo alizovaa kabla hajaonwa na mganga, maana huo ndio ushahidi wake. Mbuzi na shuka wanaotolewa kwa baba wa binti havimrudishii binti usingizi.

Nawapendekezea mambo matatu. La kwanza, kila mmoja wetu akirudi nyumbani leo, aende kwenye kila mlango wa chumba anacholala mtu, aufunge kwa ndani, aone kama unafungika na kama unafunguka upesi. La pili, mafundi wa parokia tujitolee Jumamosi moja kwa mwezi kuweka makomeo kwa wajane, kwa wapangaji wasiojiweza na kwa wanafunzi waliopanga. Wenye nacho wanunue vifaa, nasi tutatoa kazi. La tatu, mzazi anayempangishia mwanawe chumba, na anayemtoa binti yake kwenda kufanya kazi mjini, aulize juu ya mlango kabla ya kuuliza juu ya fedha.

Mimi tangu mwezi ule sijaingia nyumba ya mtu bila makomeo mawili kisandukuni, na kazi ya kuyapigilia siitozi. Yule binti hakurudi nikamwambia. Basi nawaambia ninyi.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba zetu, ni nani analala katika chumba kisichofungwa kwa ndani? Je, tumewahi kumwuliza anajionaje?

2. Ni maneno gani tunayotumia kumnyima mtu komeo? Tuyapime pamoja.

3. Mtoto au mtumishi akimweleza kiongozi wa jumuiya kwamba anasumbuliwa usiku, kiongozi huyo afanye nini siku ile ile?

4. Ni wanafunzi gani wamepanga vyumba katika eneo la jumuiya yetu? Nani atakwenda kuitazama milango yao wiki hii?